Kwa nini Linda Blair alibanwa na filamu za mapepo, na Sissy Spacek hakubanwa?

Muulizaji: Ndugu wapenzi wa filamu, Linda Blair alikuwa na miaka 14 tu "The Exorcist" ilipotoka mwaka 1973, akateuliwa kuwania Oscar kwa kumwigiza binti aliyepandwa na pepo. Miaka mitatu baadaye "Carrie" ilimletea Sissy Spacek uteuzi kama huo. Mbona wa kwanza aliendelea kuitwa kwenye filamu za kutisha, ilhali wa pili alimwigiza mwimbaji Loretta Lynn mwaka 1980 na kuitwaa tuzo yenyewe?

Mchangiaji wa kwanza: Umri ulichangia, lakini naomba tutazame pia nani anaonekana na nani anasikika. Sauti ya pepo ilikuwa ya Mercedes McCambridge, na uso wa binti ulifunikwa na vipodozi vya Dick Smith, hivyo watazamaji walitoka wakimkumbuka pepo kuliko msichana, ingawa kwangu mimi utulivu wake wa mwanzoni, kabla hajapagawa, ndio unaoifanya filamu iume. Carrie hakupandwa na chochote. Uwezo wa kusogeza vitu kwa fikra ni wake, aibu ni yake na hasira ni yake, kwa hiyo kila kilichotisha kilipitia katika uso wa Spacek mwenyewe, naye alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuonekana katika "Badlands".

Mchangiaji wa pili: Naafiki, ila Barbara Steele anatutatiza. Mwaka 1960 mwongozaji wa filamu Mario Bava alimpa nafasi mbili katika filamu moja, mchawi aliyefufuka na binti mwema wa ukoo uleule, na tangu hapo macho yake makubwa yakawa ndiyo yanayotafutwa. Hata baada ya mwongozaji mashuhuri Fellini kumtumia mwaka 1963, aliendelea kuitwa kwenye filamu za mizimu. Yeye alifungwa na uso wake mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu: Mtazameni pia Vera Farmiga. Alikwisha kuteuliwa kuwania Oscar kabla ya kumwigiza Lorraine Warren mwaka 2013, na uhusika huo ni wa mwenye kuwasaidia waliopagawa. Sidhani kama nafasi ya mpunga pepo humfunga mtu kama ya aliyepandwa.

Muulizaji: Nashukuru sana. Sasa naelewa kwa nini Blair, aliporudia uhusika wake mwaka 1977, alikataa kupakwa tena vipodozi vya pepo, ikabidi mtu mwingine asimame badala yake katika sehemu hizo.