Siku tano Salvador, Brazili: tutulie mjini au tukimbizane na ratiba? Naombeni ushauri

Begi_Moja:
Wakuu, habari za wikiendi.

Mimi na mdogo wangu wa kike tunatua Salvador mwezi wa tisa. Viza zimetoka, tiketi tunazo. Siku tano, kila mtu na begi lake mgongoni, bajeti ya hosteli na chakula cha mtaani. Shida ni kwamba mwenzangu ameshaandika orodha ya sehemu 23, na bado anataka tupande boti hadi Morro de São Paulo, kijiji cha kisiwani. Mimi nimetoka kwenye mwaka mzito wa kazi. Nataka niamke bila alamu, nikae mahali nitazame watu. Siku zote tano mjini zitachosha? Na tulale wapi, Pelourinho kule mji mkongwe au Barra karibu na bahari? Mliowahi kufika tusaidieni.

Mzee_wa_Kunde:
Mkuu, hazichoshi hata kidogo. Mimi nilikaa wiki nzima na niliondoka roho ikiwa nyuma. Morro ni pazuri, lakini boti tu ni zaidi ya saa mbili kwenda na nyingine kurudi, na bahari ikichafuka mtafika mmelegea. Muiache.

Laleni usiku mbili Pelourinho, tatu Barra. Pelourinho maana yake ni nguzo ya kuchapia watu viboko, na watumwa walichapwa kweli pale mbele ya watu. Salvador ilianzishwa 1549 na ilikuwa makao makuu ya Brazili hadi 1763, kwa hiyo unapokanyaga yale mawe unajua unakanyaga nini. Pangeni muwepo Jumanne jioni. Kuna kanisa la bluu, Nossa Senhora do Rosário dos Pretos, walilojenga watu weusi wenyewe kwa muda wao waliouiba kwenye mapumziko, na ujenzi ukachukua karibu miaka 100. Misa ya Jumanne inaendeshwa kwa ngoma. Mimi ni Mwislamu, nilisimama mlangoni, na machozi yalinitoka.

Halafu acarajé. Hii ni bagia ya kunde, ndugu zangu! Mama amevaa marinda meupe na kilemba, anapiga rojo la kunde kwa mwiko mpaka linafura, analitumbukiza kwenye karai la mafuta mekundu. Ikiiva anaipasua katikati, anajaza vatapá, ule uji mzito wa nazi, karanga na kamba wakavu, anaongezea nyanya. Nilipouma mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu Tanga.

Mwana_Katanga:
Hayo mafuta mekundu ni mawese, wao wanayaita dendê, na jina limetoka Angola, kwenye Kikimbundu. Kuna neno lingine litakalowashangaza: quitanda, yaani kibanda cha kuuzia matunda na mboga. Limetoka huko huko. Na Kireno msikiogope. Mesa ni meza, copo ni kopo, bandeira ni bendera, vinho ni mvinyo. Kiingereza mtaani hakuwasaidii sana.

Tulia_Kwanza:
Nakubaliana na Mzee, ila naongeza tahadhari. Mimi nilinyang'anywa simu saa kumi na mbili jioni nikishuka kwa miguu kutoka mji wa juu kwenda wa chini, nikiwa peke yangu na ramani mkononi. Ile miteremko iacheni. Pandeni Elevador Lacerda, lifti ya tangu 1873, mita 72 kwa sekunde chache, na nauli ni ya kutupa. Giza likiingia chukueni teksi ya mtandaoni hata kama ni mitaa mitatu. Pasipoti ibaki kwenye kabati la hosteli.

Barra mtapumzika kweli. Ufukwe wa Porto da Barra unatazama ghuba upande wa magharibi, jua linazama majini na watu wanapiga makofi. Vijana wanapita na vibati vya mkaa mkononi, wanakuchomea jibini la kijiti hapo hapo mchangani. Mimi nilikuwa nashuka saa tisa, narudi usiku. Siku mbili mfululizo sikufanya kingine.

Msomaji_wa_Pwani:
Mkiwa mji mkongwe, kumbukeni Januari 1835. Waafrika Waislamu, walioitwa Malê, waliinuka dhidi ya utumwa mwezi wa Ramadhani. Walikuwa wakisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na baadhi yao walikutwa na karatasi za dua shingoni. Habari hii shuleni hatukufundishwa, na inaniuma.

Begi_Moja:
Ahsanteni sana wakuu. Nimemsomea mdogo wangu uzi wote, orodha imeshuka hadi sehemu sita. Morro tumeifuta. Jambo moja: kadi ya homa ya manjano itahitajika?

Tulia_Kwanza:
Ibebeni. Mkirudi Tanzania mkitokea Brazili mtaulizwa. Kama hamjachanja, chanjeni angalau siku kumi kabla ya safari. Sindano ni moja tu ya maisha.

Mzee_wa_Kunde:
Na mkifika kwa mama wa acarajé atawauliza "quente ou frio?", moto au baridi. Haulizi joto la chakula, anauliza pilipili. Siku ya kwanza semeni frio.