Naomba ushauri: tozo zimetulemea, tuanzie wapi?

Ndugu zangu, hamjambo. Nina karakana ya kuchomelea vyuma huku Pwani ya Kenya, na vijana watatu. Kila mwezi nakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mmoja kwa ajili ya nyumba za serikali, halafu naongeza asilimia 1.5 nyingine kutoka mfukoni mwangu. Kuna asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya), kuna NSSF (akiba ya uzeeni), kuna kodi ya mauzo iliyopanda mwaka 2023 kutoka asilimia 1 hadi 3. Hiyo ya mwisho ndiyo inaniudhi zaidi: hutozwa kwenye mauzo, si faida, kwa hiyo hata mwezi wa hasara unalipa. Hapo sijataja leseni ya kaunti na cheti cha zimamoto.

Juni 2024 watu waliandamana kupinga kodi mpya, Mswada wa Fedha ukaondolewa, lakini wengine walizikwa. Sitaki vijana wangu warudi barabarani.

Sasa mafundi kumi na wanane tunataka kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti kuhusu ada za leseni. Sheria inaruhusu tangu 2012. Taabu ni kwamba mwakilishi wadi kapata habari, anataka awe "mlezi" wetu, na fulana keshaleta (za kijani, zenye picha yake). Tumkubali au tumkwepe bila kumuudhi?

Na aliyewahi kuwasilisha ombi kama hili, mliambatisha nini? Mlijibiwa baada ya muda gani? Vikao vya kukusanya maoni ya umma navyo hutangazwa wapi hasa? Sisi husikia vimeshapita.