Mjadala: Je, wanafunzi waliogomea kodi za mabweni wakati wa korona walikosea?

Ndugu zangu, kuna hoja ambayo hurudiwa kila yanapozungumzwa maisha ya vyuo wakati wa korona. Wanasema chuo kilichosimama imara ni kile ambacho wanafunzi wake walitulia, wakasoma kwa intaneti na kusubiri, na kwamba waliogoma walikuwa wabinafsi waliowaongezea mzigo watu waliokwisha kulemewa. Mimi napinga. Migomo ile ilikuwa sehemu ya chuo kujiokoa, na pale wanafunzi wangenyamaza, watu wangeumia zaidi.

Tuanze na Manchester, Uingereza. Septemba 2020 vijana waliitwa chuoni, wakahamia mabwenini huku wamekwisha kusaini mikataba ya vyumba. Mwezi haujaisha, wanafunzi wapatao 1,700 wa Manchester Metropolitan University wakatakiwa kujifungia siku 14. Wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wametoka kwa wazazi wao. Wakabandika ujumbe madirishani, wakifananisha bweni na gereza. Kisha tarehe 5 Novemba, siku England ilipoingia katika marufuku ya pili ya kutoka nje, wenzao wa University of Manchester waliona uzio wa chuma ukisimikwa kuzunguka mabweni yao ya Fallowfield. Usiku uleule wakaubomoa. Makamu mkuu wa chuo akaomba radhi na kukiri kwamba mpango ule haukuelezwa vya kutosha.

Lakini uzio si kiini cha habari hii. Kiini ni kodi. Vyuo vya Uingereza hutegemea sana ada na mapato ya mabweni, na ada ya hadi pauni 9,250 kwa mwaka haikushuka hata masomo yalipohamia kwenye skrini. Mwanafunzi akauliza: kama mihadhara naisikiliza kitandani, nililetwa huku kufanya nini? Kwa miezi ile ya mwanzo hakupata jibu la maana. Ndipo baadhi ya wanafunzi wa University of Manchester wakazuia malipo ya kodi, na wachache wakalikalia jengo la Owens Park Tower lililokuwa tupu. Kabla ya Desemba kufika, chuo kilikubali kupunguza kodi ya muhula wa kwanza kwa asilimia 30.

Najua kuna watakaosema: nani angelipa mishahara ya wasafishaji na walinzi kama kila mmoja angezuia kodi? Ni swali la haki, na silipuuzi. Ila tazameni kilichopatikana. Punguzo la asilimia 30 maana yake wanafunzi bado walilipa asilimia 70 ya kodi. Hasara iligawanywa. Kabla ya mgomo ilikuwa yote mgongoni mwa kijana wa miaka 18 ambaye hakuwa na sauti kwenye uamuzi wa kufungua mabweni.

Hoja yenye uzito kuliko zote ni ile ya maambukizi. Mtu anayekusanya umati katikati ya janga anamhatarisha mhudumu wa bweni mwenye umri mkubwa, na huyo mhudumu hakuulizwa. Hapo nakubaliana kabisa. Kuubomoa ule uzio kwa mamia, usiku, kulikuwa na hatari, na sitaipaka rangi. Lakini ndiyo sababu nautetea mgomo wa kodi hasa: hauhitaji umati. Unagoma ukiwa chumbani kwako, peke yako, umevaa barakoa au hukuvaa, na hakuna anayeambukizwa. Katika njia zote za kudai haki, sijui nyingine iliyoendana na hali ile kama hiyo.

Halafu tusiwagawe wanafunzi mafungu mawili, wema waliosaidia na wakorofi waliodai. Vijana wa rika lilelile ndio walioitwa hospitali zilipolemewa. Machi 2020 Italia ilifuta mtihani wa leseni kwa wahitimu wa udaktari wapatao 10,000 ili waingie kazini mapema. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba ni wadogo mno kubeba majukumu. Basi wasiambiwe ni wadogo mno kuhoji.

Tena uongozi wa chuo ukitaka, unaweza kusimama upande wa wanafunzi. Tarehe 6 Julai 2020 mamlaka ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yako mtandaoni hawezi kubaki nchini. Siku mbili baadaye vyuo vikuu vya Harvard na MIT vilikwenda mahakamani, na tarehe 14 amri ile ikaondolewa.

Pale ambapo milango hiyo ya kusikilizwa hufungwa, watu huingia barabarani, na barabarani kuna risasi. Machi 2021, jijini Johannesburg, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits) waliandamana kuwatetea wenzao waliozuiwa kujisajili kwa sababu ya madeni ya ada. Polisi walifyatua risasi za mpira, na Mthokozisi Ntumba, mwenye miaka 35, ambaye hakuwa mwandamanaji bali alikuwa akitoka zahanati, akauawa. Anayewalaumu wanafunzi peke yao kwa kifo kile anieleze deni la ada lilikuwa na haraka gani katika mwaka ambao familia nyingi zilikuwa zimepoteza kipato.

Pendekezo langu ni hili, nalo ndilo naomba tulijadili. Kamati ya dharura ya chuo iwe na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao, wenye kura kamili, si wa kualikwa kusikiliza. Na mkataba wa bweni uandike tangu mwanzo kodi itapungua kwa kiasi gani chuo kikifungwa au masomo yakihamia mtandaoni. Wahadhiri na watu wa uhasibu mliopitia miezi ile, mnaona hilo linatekelezeka? Na wewe unayesema mgomo ulikuwa ubinafsi, taja njia nyingine ambayo ingepunguza kodi ile kabla ya Desemba.