Naomba ushauri: paka wangu ana ngozi kavu na manyoya yaliyosokotana

Mama wa Sakina (Arusha)

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaomba msaada wenu kuhusu paka wangu jike wa manyoya marefu, ambaye sasa ana umri wa miaka 11. Tangu baridi ya mwaka huu ianze, manyoya yake ya nyuma ya masikio, ya makwapani na ya chini ya mkia yamesokotana yakawa mafundo magumu, na nikiyatenganisha kwa vidole karibu na kiuno naona ngozi kavu inayobanduka kama mba. Anakula vizuri, isipokuwa siku hizi hapandi tena dirishani. Chakula chake ni ugali laini uliochanganywa na dagaa, na nyama mara chache. Jirani mmoja amenishauri nimwogeshe kisha nimpake mafuta ya nazi, na mwingine anasema niyakate mafundo kwa mkasi. Nisingependa kumwumiza, ndiyo maana ninauliza kwanza.

Mfugaji wa Njiro

Mama, tafadhali weka mkasi mbali kabisa. Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika, hivyo ukiinua fundo ngozi huinuka pamoja nalo na kuingia kwenye makali bila wewe kuiona. Usimwogeshe pia kabla ya kuyafungua, kwa sababu maji huyakaza zaidi. Tafuta kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana, nyunyiza kidogo wanga wa mahindi, ule unaotumika kufanya mchuzi uwe mzito, kisha shika manyoya kwa vidole viwili kati ya fundo na ngozi ili mvuto usimfikie. Anzia nchani, urudi polepole kuelekea shinani. Akianza kupigapiga mkia au kulaza masikio, mwache, uendelee kesho. Fundo lililoshikamana na ngozi usilibembeleze. Hilo ni la kunyolewa kwa mashine na daktari wa mifugo, tena pengine baada ya kumpa dawa ya kumtuliza.

Tabibu wa Mifugo (Moshi)

Ninakubaliana na aliyetangulia, lakini kilichonishtua zaidi katika maelezo yako ni lile dirisha. Paka mwenye afya hujisafisha mwenyewe kwa ulimi mara nyingi kwa siku. Paka mzee anayeacha kuruka mara nyingi ana maumivu ya viungo, na anayeumwa viungo hawezi kujipinda akafika kiunoni, mahali hasa unapoiona mba. Meno mabovu au unene huleta hali hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiyaondoa mafundo bila kutafuta kilichomfanya aache kujisafisha, yatarudi. Mchunguze pia kama anakunywa maji mengi kuliko zamani au anakonda huku akila, maana figo, kisukari na tezi ya shingo huharibu manyoya ya paka wa umri huo.

Viroboto vitafute kwa kumchana juu ya kitambaa cheupe kilicholowa: chembe nyeusi zinazoacha rangi ya wekundu ni kinyesi chao. Ukiona mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, watoto wasimshike hadi apimwe, kwani mapunye huambukiza binadamu.

Kuhusu chakula, paka ni mla nyama kwa maumbile, na baadhi ya mafuta ambayo ngozi yake inayahitaji huyapata kwa wanyama tu, hivyo ugali hauwezi kuyaziba hayo mapengo. Ongeza nyama, kuku na samaki waliopikwa bila chumvi wala vitunguu, ambavyo ni sumu kwake. Mafuta ya ini la samaki usimpe kwa kukisia, kwa kuwa vitamini A ikizidi huharibu mifupa. Mafuta ya nazi nayo hayafungui fundo. Hunasa vumbi, na vumbi la kiangazi cha huku kwetu tunalijua, kisha paka huyalamba yote.

Mama wa Sakina (Arusha)

Nashukuruni sana. Nimemchana juu ya kitambaa na chembe hizo zipo. Nina dawa ya viroboto ya mbwa nyumbani. Je, nikimpaka kiasi kidogo itafaa?

Tabibu wa Mifugo (Moshi)

Hapana, hata tone moja. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, ambayo humletea paka mtetemeko, degedege na hata kifo. Dettol nayo isimguse. Mpeleke kwa daktari, apimwe uzito na apewe dawa ya paka, na siku hiyo hiyo mwombe amkague meno, nyonga na magoti. Dawa za maumivu za binadamu usimpe kamwe, paracetamol humwua.

Mfugaji wa Njiro

Akinyolewa, mwekee blanketi mahali pasipo na upepo, kwa kuwa baridi ya Julai huku Arusha itamfikia mwilini moja kwa moja, na sanduku lake la haja liwe na ukingo mfupi ili asilazimike kuruka.