Nijenge na nani Ruai? Udongo ni mweusi na bibi anataka sakafu ya mbao

kijana_wa_donholm
Wadau habari za jioni. Nina ploti Ruai, mashariki mwa Nairobi, futi 50 kwa 100, nilimaliza kulipa 2019, hati iko mkononi na ramani ya bangalo ya vyumba vitatu kaunti imepitisha, ni kama mita 120 za mraba. Sasa nimekwama kwa kuchagua mjenzi, wiki mbili silali vizuri.

Niko na watu watatu. Wa kwanza ni kampuni ya ofisi za vioo, wamenichorea nyumba kwa kompyuta mpaka maua ya kando ya geti yako, bei 5.8m wanipe ufunguo, lakini wanataka asilimia 40 kabla jembe liguse ardhi. Ploti hawajafika, waliuliza tu iko wapi. Wa pili ni fundi aliyejengea binamu yangu Utawala, yeye anataka leba peke yake vifaa ninunue mimi, na anasema msingi futi tatu unatosha, ati hapa Ruai amejenga nyumba hata hawezi kuhesabu. Wa tatu ni injinia kijana, ana kakampuni kadogo ka NCA8 (ngazi ya leseni kutoka kwa mamlaka ya ujenzi, NCA), huyu alikataa kunipa bei kabisa. Aliniambia chimba shimo kwanza nilione ndio tuongee, nilipomsukuma akasema 6.4m na inaweza kupanda. Kusema ukweli huyu ndiye aliniudhi, mtu amekuja na pesa unamtuma akachimbe shimo?

Halafu kuna maneno ya sakafu. Bibi hataki taili sebuleni na vyumbani. Mamake alifanya kazi ya nyumba Lavington, kule kwa matajiri, miaka mingi, na likizo ikifika watoto wanasaidia kupiga polishi sakafu ya mbao, wamepiga magoti na kipande cha blanketi. Anasema ameng'arisha ya wenyewe ya kutosha, sasa anataka yake. Sina jibu la hiyo, kwa hivyo mnisaidie na mbao pia.

mama_syokimau
Kijana huyo aliyekuudhi ndiye mtu wako, wacha nikuambie yangu. Tulijenga 2017 kwa udongo huohuo mweusi, fundi wetu naye alikuwa wa futi tatu. Mwaka wa kwanza nyumba ilikuwa sawa kabisa tukaalika watu. Kiangazi cha pili ardhi ikapasuka huko nje nyufa unaingiza mkono, na ndani ufa ukatokea kona ya dirisha ukashuka ngazi ngazi ukifuata maungio ya mawe mpaka chini. Nikawa naupima na sarafu ya shilingi kumi, kuna miezi inaingia yote, mvua ikinyesha haiingii. Mlango wa chumba cha watoto tumeuranda mara tatu, ukiuranda msimu huu, msimu ujao unabaki na pengo panya anapita. Tumeziba, tumepaka rangi, ufa unarudi palepale. Fundi nikimpigia anasema ni plasta. Plasta gani inasukuma mlango??

kobe_mzee
Fundi asiyeweza kuhesabu nyumba alizojenga, mwambie akupeleke kwa moja tu iliyofika miaka mitano. Moja. Na usiende na yeye, chukua tu namba ya ploti uende mwenyewe jumapili uongee na mwenye nyumba.

qs_wa_mtaa
Mimi kazi yangu ni hesabu za mjengo kwa hivyo nitaongea kama mtu wa hesabu. Hizo bei zako tatu huwezi kuzilinganisha kwa sababu si za kitu kimoja. Hiyo 5.8m ya watu wa vioo, fungua karatasi uangalie mstari wa msingi, nakuhakikishia utapata wameandika pesa ya makadirio na neno dogo kwamba itarekebishwa kulingana na hali ya udongo. Hapo ndipo 5.8 inageuka 7 ukiwa umeshatoa asilimia 40 na huwezi kutoka.

Black cotton, yaani huo udongo mweusi, ikilowa inafura, ikikauka inasinyaa, haina shida na uzito wa nyumba yako sana kama vile inavyoinua na kuachilia. Ukifika chini kwenye maramu (ule udongo mgumu wa changarawe) ama mwamba karibu, unaitoa yote, na simaanishi mitaro ya kuta peke yake, hata ile ya ndani itakayokaa chini ya slabu (sakafu ya zege), maana kuta zikisimama imara na slabu inapanda katikati bado umepoteza. Unajaza maramu na hadikoo (mawe ya kujazia) ukishindilia tabaka kwa tabaka. Ikiwa iko chini sana, injinia anaenda kwa rafti, yaani slabu moja nene ya vyuma inayobeba nyumba yote, ama nguzo zinazoshuka mpaka ardhi ngumu zikibeba biimu, slabu inalala juu ya hizo biimu. Huwezi kujua uko wapi bila shimo, kwa hivyo kijana hakuwa anakuringia. Chimba mawili, pembe moja na pembe ya mkabala.

Pesa: usitoe asilimia 40 kwa mtu yeyote. Lipa kwa hatua iliyosimama, yaani msingi mpaka slabu, kuta mpaka lenta (biimu ya juu ya madirisha), paa, na kuendelea. Kwa kila malipo zuia asilimia 10, nusu umpe akimaliza na nusu ibaki miezi sita mvua zipite juu ya hiyo nyumba. Jina la kampuni litafute kwa tovuti ya NCA uone kama leseni ni ya mwaka huu. Hiyo NCA8 ni ngazi ya chini kabisa lakini inamruhusu jengo la hadi milioni 10, kwa bangalo yako inatosha na inabaki. Huyo injinia mwenyewe awe kwenye orodha ya Engineers Board, bodi inayosajili mainjinia, kujiita injinia ni rahisi hapa Nairobi.

jirani_wa_kamulu
Mnawapiga mafundi sana humu. Mimi nilijenga kwa leba peke yake, vifaa nikanunua mwenyewe, na nyumba haina ufa hata wa nywele. Tofauti ni kwamba nilimlipa injinia aje mara nne: shimo likiwa wazi, vyuma vya msingi kabla ya kumwaga, slabu kabla ya kumwaga, na lenta. Kila akija anaandika na kusaini. Fundi hakufurahi mara ya kwanza, ya pili alianza kupanga vyuma vizuri mwenyewe. Lakini hii njia inataka uwe saiti, kama unaingia kazi saa mbili asubuhi mpaka jioni simiti itapungua na hautajua ilienda wapi. Niliwahi kupata mifuko mitatu imefukiwa kwa mchanga kama mayai ya kobe, samahani kobe_mzee.

kobe_mzee
😂 Hayo si yangu.

mbao_na_msasa
Sakafu naijua. Mbao inakufa kwa maji ya kutoka chini, kwa hivyo sakafu ya bibi yako inaamuliwa siku ya slabu na si siku ya kununua mbao. Chini ya slabu ni polithini geji 1000, ipandane vizuri kwenye maungio na ipande ukutani, na mwambie foromani asiruhusu mtu kupita juu yake na wilbaro kabla ya kumwaga, maana tundu moja la msumari linatosha kuharibu kona nzima. Slabu ikimwagwa inyweshe maji siku saba, halafu iache ikauke. Kauli yetu ni mwezi mmoja kwa kila inchi, slabu ya inchi sita ni karibu miezi sita, kwa hivyo mbao inakuja mwisho kabisa baada ya paa, madirisha na rangi. Kupima ni rahisi, kata polithini angavu futi mbili kwa mbili, bandika na selotepu pande zote, rudi kesho yake. Ukipata jasho kwa ndani ama simiti imekuwa nyeusi hapo, ngoja.

Jingine watu husahau: jikoni na bafuni utaweka taili, na unene wa taili na gundi yake si sawa na wa mbao. Mwambie fundi kabla ya skridi (tabaka la simiti la kusawazisha) ateremshe upande wa mbao, la sivyo utakuwa na kikuta mlangoni cha kukwaza wageni maisha yako yote. Na uache nafasi ya milimita 10 hivi pembeni mwa ukuta, sketingi itaificha, mbao inapumua ikikosa pa kwenda inainuka katikati kama mgongo.

Ya kununua: lamineti ni rahisi lakini maji yakimwagika inavimba na huwezi kuipiga msasa. Mahogani na mvule ni tamu na ni ghali. Lakini kama mama alikuwa Lavington, sakafu aliyoijua ni vile vibao vifupi vya kupangwa mshazari, nyingi ni muhugu, mti mgumu hata mchwa hautaki. Nyumba za zamani zinabomolewa kila siku kupisha maghorofa na vibao vinauzwa. Vinakuja na lami nyeusi chini, unaikwangua kimoja kimoja, kazi ya kuua mikono, lakini vimekauka miaka hamsini havichezi sana tena.

kijana_wa_donholm
Nimerudi. Jumamosi nilichukua vijana wawili tukachimba pembe ya barabara na ya nyuma. Ya mbele futi nne bado nyeusi tititi inashika jembe kama ugali, futi sita tukagonga maramu. Ya nyuma maramu ilitokea futi tano na nusu. Injinia alikuja na buti zake, akaingia mwenyewe akafinyanga udongo kwa vidole akaniita nishuke nione. Kampuni ya vioo niliwatumia picha, wakajibu nisiwe na wasiwasi nitume tu diposti.

qs_wa_mtaa
Futi sita ni mita 1.8 hivi. Mara mita 120 za mraba za nyumba ni mita 216 za ujazo, ukichimbua inafura, weka lori kubwa kama 20 kutoka na karibu idadi hiyo kuingia na maramu. Mwambie akupigie hesabu mbili, ya kutoa yote na ya rafti, kila moja kwa mistari yake, ndio ujue 6.4 inaenda wapi.

kijana_wa_donholm
Ameshazileta. Rafti imekuwa chini kwa laki tatu na kidogo, na ameongeza kizingo cha simiti kuzunguka nyumba na mfereji maji ya paa yasilale kando ya ukuta. Jumla 6.7m. Nitaenda na yeye, fundi wa Utawala amekubali kuja kama foromani wa mawe chini yake, na binamu amenuna kidogo.

mbao_na_msasa hivyo vibao vya kubomolewa vinapatikana wapi, na gunia moja linafunika mita ngapi? Nimemwonyesha bibi uzi huu. Amesoma hapo pa kukwangua lami, akanyamaza, halafu akauliza kama kuna mahali anaweza kwenda kuchagua mwenyewe.