Tupeane uzoefu: kwa nini hatuichoki santuri ya Getz/Gilberto?

Mzee wa Santuri
Wanajamvi, salaam. Jana redio ilipiga "Corcovado", wimbo mmoja wa santuri hii ya bossa nova ya Mmarekani Stan Getz, mpiga saksafoni, na Mbrazili João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa, nami nikakumbuka kwamba ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, tarehe 18 na 19 Machi 1963, ikatoka mwaka uliofuata, na hadi leo inapigwa katika nyumba za watu wasiojua hata neno moja la Kireno. Nyimbo zake ni nane. Naomba kila mmoja aeleze ilimfikiaje na inamshika wapi. Mimi inanishika kwenye sauti ya João Gilberto, ambaye anaimba kana kwamba msikilizaji ameketi naye mkeka mmoja, hapazi sauti hata mara moja, na bado kila neno linafika.

Gitaa Kavu
Shikamoo mzee. Mimi ni mpiga gitaa, na ningependa watu wasikilize kidole gumba. Gumba la João linashika mdundo wa chini bila kuyumba, kama inavyofanya ngoma kubwa ya samba iitwayo surdo, huku vidole vingine vikikwanyua noti kwa pamoja, mara kabla ya pigo, mara baada yake. Juu ya hayo anaimba akichelewa kwa makusudi, kisha anaharakisha na kuwahi mwisho wa mstari. Ndiyo maana mpiga ngoma wa santuri hii, Milton Banana, hahitaji kupiga kwa nguvu: gitaa peke yake limekwisha kubeba samba nzima.

Nyuki wa Kigoma
Umesema kweli tupu, ndugu yangu, hasa hapo kwenye kuchelewa kwa makusudi.

Mkaazi wa Lisbon
Nami naipenda, lakini sikubali kwamba hii ndiyo kazi bora ya João. Saksafoni ya Stan Getz inaingia na pumzi nzito mahali ambapo gitaa na sauti vilikuwa vimetosheka. Anayetaka kumjua João asikilize santuri yake "Chega de Saudade" ya mwaka 1959, iliyorekodiwa nyumbani kwao Brazil, bila mgeni wa kumfunika.

Mzee wa Santuri
Mwanangu, hapo nakupinga. Getz alikwisha kuupeleka muziki huu kwa Wamarekani mwaka 1962 kwa santuri aliyoipiga na mpiga gitaa Charlie Byrd, na bila yeye wengi wetu tusingemsikia João. Isitoshe, sikiliza "O Grande Amor" jinsi saksafoni inavyoimba, halafu uniambie nani anamfunika nani.

Mkaazi wa Lisbon
Nimeisikiliza tena sasa hivi, mzee, na bado inamfunika.

Binti wa Pwani
Nilikuwa napita tu, lakini mmenitonesha kidonda, kwa hiyo naomba mnivumilie. Niliimba katika bendi ya hoteli moja kusini mwa Mombasa, na kila jioni ilikuwa lazima tupige "The Girl from Ipanema", wimbo wa kwanza wa santuri hii. Alasiri moja kiongozi wa bendi alituambia tufanye jaribio la vyombo katika ukumbi wa chakula, nikaimba ubeti wa Kiingereza huku wahudumu wakitandika meza. Miezi ilipita. Kisha mgeni mmoja alinijia baada ya onyesho, akanyoosha diski na kalamu, akaniomba nitie saini kando ya jina langu. Niliigeuza diski ile mbele na nyuma. Picha ya kiongozi ilikuwepo, bei ilikuwepo, sauti yangu ilikuwemo ndani, lakini jina langu halikuwepo popote, na sikuwa nimelipwa hata shilingi. Mgeni alidhani nimekataa kwa maringo.

Baadaye nilisoma habari za Astrud Gilberto, aliyeimba ubeti huohuo wa Kiingereza kwenye santuri hii, nikalia. Alikuwa na umri wa miaka 22 aliporekodi, mke wa João, hajawa mwimbaji wa kulipwa, na jina lake halikuwekwa kwenye jalada la mbele. Wimbo ulipotolewa peke yake, ubeti wa Kireno wa mumewe ulikatwa ili wake usikike, na mwaka 1965 ukashinda tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka. Imeandikwa mara nyingi kwamba alilipwa dola 120 tu. Amefariki mwaka 2023. Kinachonishika mimi ni kwamba hatetemeshi sauti wala haipambi. Anaiweka noti palepale panapotakiwa na kuiacha. Watu husema hakujua kuimba. Wajaribu wao kuimba hivyo mbele ya wageni.

Nyuki wa Kigoma
Pole sana dada yangu. Tafuta wakili, maana sauti ni mali.

Gitaa Kavu
Wakili atakula kuliko ulichodhulumiwa, dada. Rekodi ya kwako, na jina lako liandikwe kubwa kuliko bei.

Mkaazi wa Lisbon
Pole, dada. Lakini tuwe waadilifu: mvuto wa santuri hii unatokana kwanza na tungo za Antônio Carlos Jobim, na baadhi ya mashairi ni ya Vinicius de Moraes. Yeyote angeziimba zingependeza.

Binti wa Pwani
Hapana, ndugu yangu. Tungo hizo zimeimbwa na watu wengi mno, na nyingi ya rekodi hizo hakuna anayezitafuta leo.

Mzee wa Santuri
Binti amenena. Nami naongeza jambo moja. Santuri ilitoka Machi 1964, na mwezi huohuo ulipokuwa unaisha wanajeshi wa Brazil walianza mapinduzi yaliyowaweka madarakani kwa miaka 21. Nikiisikiliza nasikia watu waliokuwa bado wanaamini kwamba nchi yao inakwenda pazuri, na imani hiyo haijachuja.

Kijana wa Ilala
Wakubwa, shikamooni. Sijawahi kuisikiliza yote. Nianzie wapi?

Gitaa Kavu
Anza na "Doralice", ufuate gumba, na uvae visikilizi.

Binti wa Pwani
Usivae visikilizi, mdogo wangu. Iache ipige sebuleni unapopika, na uanze na wimbo wa kwanza, kwa sababu João anaanza kwa kuimba bila maneno, kisha Kireno, na ndipo Astrud anaingia. Ukiusikia ule uliokatwa ubeti, ujue si mzima.

Mkaazi wa Lisbon
Anza na ile ya 1959.