Parachuti ya roketi imeyeyuka, nimekosea wapi?

Wakuu, niko Minnesota, jumamosi mimi na dogo tumerusha roketi yetu ndogo ya kwanza ya kuunga wenyewe, injini ya baruti aina ya B6-4, imepanda vizuri mno mpaka dogo akapiga kelele ila parachuti haikufunguka, imeanguka kama jiwe, kuicheki plastiki imegandana yote. Shida nini?

> Pole sana mkuu. Zile karatasi zisizoshika moto, za kukaa kati ya injini na parachuti, uliweka? Hiyo 4 ya mwisho kwenye B6-4 ni sekunde, injini ikimaliza kusukuma inasubiri hapo ndo inalipua baruti kidogo kutoa parachuti, bila karatasi moto wote unaipata. Weka tatu nne, usizishindilie.

> Na tishu ya kawaida usijaribu, itaanguka inawaka ichome nyasi. Parachuti ipake poda ya mtoto kabla ya kuikunja, baridi huwa inaigandisha.

Duh, karatasi sikuweka kabisa, nilidhani za kufungia mzigo tu! Asanteni sana, dogo kashaanza kukata parachuti mpya.